Majina Kumi, Kalamu Moja

Ripoti ya kazi ya kikundi huanza na ukurasa ambao kila mwanafunzi wa chuo nchini Tanzania anaujua kwa kichwa. Juu kuna jina la chuo, chini yake somo na mhadhiri, kisha jedwali la safu tatu: jina, namba ya usajili, sahihi. Jedwali huwa na watu wanane, kumi, pengine kumi na watano. Usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, kwenye steshenari iliyo jirani na geti la chuo mjini Tabora, wanaosimama kando ya mashine ya kuprinti ni wawili tu. Mmoja ana flashi mkononi, mwenzake anahesabu sarafu za kubaindi. Simu inaita. Ni mwana kikundi aliyeko hosteli, anaomba wahakikishe namba yake ya usajili imeandikwa sawasawa, maana mara iliyopita ilikosewa na alama zake zikapotea. Ripoti inahusu nini, haulizi.

Wenzake watasema anategea. Mwaka ukiisha watakuwa na orodha ndefu ya wanaotegea, na orodha hiyo ndiyo itakayoamua nani akaribishwe kikundini na nani akwepwe. Malalamiko hayo ni ya haki, lakini yanamwangalia mtu na kuuacha mpangilio. Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja, na wanachokiona tena na tena ni kwamba mtu yuleyule anayejituma akiwa peke yake hulegea akiingizwa mahali ambapo kazi yake haionekani. Uvivu wa tabia upo, ila hauwezi kueleza kwa nini wanafunzi wanaofaulu vizuri mitihani yao hugeuka abiria mara wanapowekwa kumi kumi.

Kumi wenyewe wametokana na nini? Vyuo vikuu nchini vimepanuka kwa kasi tangu katikati ya miaka ya 1990, vyuo binafsi viliporuhusiwa, na vikapanuka zaidi baada ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kuanza kazi mwaka 2005. Mwaka huohuo mitaala ya sekondari iligeukia ujenzi wa umahiri, na mbinu shirikishi, majadiliano ya vikundi yakiwemo, zikawa agizo la kila darasa. Nia ilikuwa njema, na hoja za kitaaluma za kufundisha kwa vikundi zina nguvu. Ila ukumbini mna wanafunzi 300 na mhadhiri mmoja. Akiwagawa kumi kumi, anapata ripoti 30 za kusahihisha badala ya 300. Ukubwa wa kikundi umeamuliwa na rundo la karatasi mezani. Kazi yenyewe haikuulizwa inahitaji watu wangapi.

Aliyetangulia kulipima jambo hili kwa namba ni mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann. Kati ya mwaka 1882 na 1887, katika shule ya kilimo ya Grand-Jouan, aliwavutisha vijana kamba iliyofungwa kwenye kipima nguvu, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Matokeo aliyachapisha mwaka 1913. Kwa hesabu zake, wawili wakivuta pamoja kila mmoja hutoa asilimia 93 ya nguvu anayoitoa akiwa peke yake. Wakiwa wanne, asilimia 77. Wakifika wanane, asilimia 49. Kwa maneno mengine, wanane walivuta kama wanne.

Ringelmann aliona kwamba sehemu ya upungufu huo inatokana na kutopatana kwa mapigo: huyu anavuta, yule ndiyo kwanza anavuta pumzi. Swali likabaki kama kuna pia wanaolegeza mikono. Mwaka 1974 Alan Ingham na wenzake nchini Marekani walibuni njia ya kulijibu. Walimfunga mtu kitambaa machoni, wakamweka mbele ya kamba, wakamwaminisha kuwa nyuma yake kuna wenzake wanaovuta. Wale wa nyuma walikuwa wamesimama tu. Hapakuwa na mapigo ya kupishana, maana aliyevuta ni mmoja, na bado nguvu yake ilishuka kwa kudhani tu kwamba hayuko peke yake. Miaka mitano baadaye Bibb Latané, Kipling Williams na Stephen Harkins waliwataka wanafunzi wa chuo kikuu wapige makofi na kelele kwa nguvu zao zote. Sauti ya kila mmoja ilishuka hadi asilimia 71 ya uwezo wake katika kundi la wawili, 51 katika la wanne, na 40 katika la sita.

Hizo ni kelele na kamba. Ripoti ya kurasa 15 ni jambo jingine, na hapa ndipo inapofaa kumsikiliza Ivan Steiner, aliyeandika mwaka 1972 kuwa swali la kwanza kuhusu kikundi chochote ni aina ya kazi kiliyopewa. Kuna kazi za kujumlisha, kama kuvuta kamba, ambazo nguvu za wote huongezwa pamoja. Kuna kazi ambazo mmoja aliye bora anatosha, kama kutatua hesabu ngumu: akiipata mmoja, wote wameipata. Na kuna kazi ambazo kundi zima hufungwa na mwendo wa aliye nyuma kabisa. Kila aina ina ugonjwa wake. Kazi inayotosheka na mmoja bora humkaribisha anayetegea. Kazi inayomsubiri wa mwisho humlazimisha kila mtu kumjali wa mwisho.

Mfano wa wazi wa aina hiyo ya tatu umo katika ardhi ya Tabora yenyewe. Tura ni kata ya Wilaya ya Uyui, mashariki mwa mkoa, na treni ya Reli ya Kati hupita stesheni yake ikitoka Itigi kwenda Tabora mjini. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo njia hiyo ilikuwa ya miguu, na kwa msafara uliotoka Bagamoyo, Tura ndiyo iliyokuwa mlango wa Unyamwezi. Nyuma yake kulikuwa na Mgunda Mkali, pori kavu kati ya Ugogo na Unyamwezi ambalo wasafiri wa karne ya 19 waliliogopa kwa kukosa maji na chakula. Richard Burton na John Speke walipita huko mwaka 1857. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akiwa na msafara wa watu wapatao 190, aliougawa makundi matano yaliyoondoka pwani kwa zamu. Porini humo watu walifanya terekeza: kuondoka mchana, kulala bila maji, na kuamkia safarini ili kuyafikia maji siku ya pili. Msafara ulioacha watu wake watawanyike katika mwendo wa namna hiyo ulipoteza mizigo na roho za watu.

Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba kazi hiyo ilikuwa na desturi zake imara, na kwamba Wanyamwezi ndio waliozijenga kwa sehemu kubwa. Watu wachache wanaojuana walipika chungu kimoja na kulala pamoja. Huyu alichota maji, yule alitafuta kuni, mwingine alisonga ugali, na mwenzao aliyekwepa zamu yake alionekana jioni ileile, kabla moto haujawaka. Mbele alitembea kirangozi, aliyejua njia na visima. Mkubwa wa msafara hakuweza tu kuwabandika watu kiongozi wasiyemwamini na kutegemea wamfuate.

Na mzigo ulikuwa na kipimo. Mtumba wa nguo ulifungwa kwa uzito wa kama frasila mbili, karibu kilo 32, nao ukawa na mwenyewe tangu pwani hadi mwisho wa safari. Pembe za ndovu zilibebwa na wenye nguvu zaidi, kwa fahari, wakitangulia mbele ya safu, na pembe iliyomshinda mmoja ilifungwa kwenye mti ikachukuliwa na wawili. Wapagazi waliutetea uzito huo wa desturi. Tajiri aliyejaribu kuongeza kidogo hapa na pale alikutana na mgomo. Kila mtu alijua wake, na kila mtu alijua wa mwenzake.

Haifai kuipamba historia hiyo. Katika njia hiyohiyo walipitishwa watumwa, wapagazi walikufa kwa ndui na kuhara, na wengi walitoroka baada ya kupokea malipo ya awali. Hata hivyo, mbele ya msafara uliopita Tura, kikundi cha wanafunzi kumi kinachopewa swali moja, siku kumi na nne na maagizo ya "mkafanye" kimepungukiwa vitu ambavyo mpagazi asingekubali kuanza safari bila kuvijua. Mzigo ni upi? Una uzito gani? Nani kaubeba?

Tabora ya leo ina mahali ambapo maswali hayo hujibiwa bila shida, napo ni nje ya ukumbi wa mihadhara. Mji huu una chuo cha mafunzo ya ufugaji nyuki, katikati ya mkoa wa miombo unaosifika kwa asali. Mafunzo ya vitendo kwenye mzinga ni kazi ya mikono mingi: mmoja ana bomba la moshi, mwingine anafungua mzinga, mwingine anapokea masega. Mwenye bomba akizubaa, nyuki hawasubiri tathmini ya mwisho wa muhula. Vivyo hivyo kwa mafunzo ya upimaji wa ardhi. Kikosi cha upimaji uwandani kina anayesimama kwenye chombo, anayeshika fimbo ya kulengea kule mbali, na anayeandika vipimo. Fimbo ikiinama, kosa linatokea kwenye hesabu na linajulikana limetoka wapi. Wanafunzi haohao wakirudi bwenini kuandika ripoti ya pamoja, kutegea kunarudi, kwa kuwa ripoti anaweza kuiandika mmoja akaimaliza.

Tatizo la pili ni la Tanzania zaidi kuliko la Marekani au Ufaransa, na halizungumzwi vya kutosha. Kikundi hujadili kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza.

Chukua swali ambalo mhadhiri wa Tabora anaweza kulitoa muhula wowote: changamoto za ushirika wa tumbaku katika mkoa huu. Kikundini yumo binti ambaye wazazi wake ni wakulima huko Uyui. Anajua jinsi chama cha msingi kinavyochukua mbolea kwa mkopo kwa niaba ya wanachama, jinsi tumbaku inavyopangwa madaraja siku ya soko, na jinsi mkulima mmoja anavyouza mlango wa nyuma, deni lake likabaki kwenye chama na kuwaangukia waliouza kihalali. Anaeleza haya kwa dakika ishirini chini ya mwembe, na wenzake wanamsikiliza. Kisha kikundi kinamgeukia kijana aliyesoma shule ya Kiingereza tangu darasa la kwanza: wewe andika. Kijana anafungua kompyuta saa nne usiku. Maelezo ya binti hayana chanzo cha kuonyesha wala hayaingii kirahisi katika Kiingereza anachokijua, hivyo anachukua aya kutoka intaneti kuhusu vyama vya ushirika kwa ujumla. Ripoti inatoka bila tumbaku ya Uyui. Na kwenye kumbukumbu za kikundi, aliyefanya kazi ni kijana. Binti "hakuandika kitu".

Mtaalamu wa lugha Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuonyesha jinsi lugha ya kufundishia inavyowanyamazisha wanafunzi wa Tanzania darasani. Kazi za vikundi zinaubeba unyamavu huo na kuupa sura mpya: Kiingereza kinageuzwa kipimo cha bidii. Baadhi ya wanaoitwa wategaji ni watu ambao mchango wao ulikataliwa mlangoni, na wakishaona hivyo mara mbili, mara ya tatu hawaji kikaoni.

Mwandishi wa kikundi naye ana machungu yake. Anajiona punda wa wote, na kwa sehemu kubwa ni kweli, ingawa hesabu yake huwa imezidi kidogo. Mwaka 1979 Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa, kila mmoja kando, ni sehemu gani ya shughuli za nyumbani anaifanya yeye. Majibu ya mume na mke yakijumlishwa, mara nyingi yalipita asilimia mia moja. Walipima pia vikundi vingine na kuona jambo hilohilo: mtu hukumbuka jasho lake kuliko la mwenzake, kwa kuwa la kwake alikuwepo likitoka. Katika kikundi cha watu kumi, kila mmoja akidhani amefanya robo, ugomvi hauhitaji mvivu hata mmoja ili uanze.

Ugomvi ukishaingia, unawasukuma watu pande mbili. Wapo wanaopunguza bidii ili wasionekane wajinga wanaofanyia kazi wengine. Norbert Kerr alilithibitisha hilo kwa majaribio mwaka 1983. Wapo wanaofanya kinyume. Kipling Williams na Steven Karau walionyesha mwaka 1991 kwamba mtu akiamini mwenzake ni dhaifu, na kazi yenyewe ana haja nayo, huongeza juhudi kufidia pengo. Kila kikundi kina mtu wa namna hiyo. Alama zinampa hofu, anaogopa kusapu, yaani kurudia mtihani, hivyo anachukua kila kitu mikononi mwake: anafuta aya za wenzake usiku, anaandika upya, anatuma faili asubuhi na ujumbe mfupi kwamba imekamilika. Wenzake wanamshukuru kwa vikatuni vya mikono iliyokunjwa. Muhula unaofuata hakuna anayeandika chochote, maana wamejifunza kuwa kitafutwa. Mchapakazi huyu huhurumiwa na kila mtu, lakini mwalimu makini anapaswa kumwona kama sehemu ya ugonjwa.

Kuna pia mambo madogo yanayoonekana hayastahili kuandikwa, nayo ndiyo yanayovunja vikundi vingi. Kikao kimepangwa saa tatu usiku chuoni. Anayekaa chumba cha kupanga mtaa wa mbali, hasa msichana, hafiki, na anaandikwa hakuhudhuria. Majadiliano yamehamia WhatsApp. Asiye na bando anakuta ujumbe 200 baada ya siku mbili, uamuzi umeshapita. Kompyuta iko moja, na mwenye nayo anakuwa mwenyekiti, katibu na mhariri kwa wakati mmoja. Pesa ya mkopo haijaingia, na mchango wa kuprinti unageuka mtihani wa nani ana aibu zaidi. Mtu anayelipa elfu mbili mara ya kwanza kwa niaba ya wote halipi mara ya pili.

Na wenzake hawamsemi. Hili ni la kuzingatiwa na kila anayeleta dawa kutoka vitabu vya nje. Mwanafunzi wa Tabora anayeishi chumba kimoja na mwenzake, wanaochangia gesi na unga, hatamchongea kwa mhadhiri kwa ajili ya alama tatu. Atalalamika kwa rafiki mwingine, atakasirika, lakini jina la mwenzake ataliandika na hata sahihi atamtilia. Si woga. Atahitaji ugali wa mwenzake huyo wiki ijayo, na anajua hivyo.

Utafiti wenyewe una habari ya kutia moyo kuhusu hilo. Karau na Williams walipokusanya tafiti 78 mwaka 1993, waliona kuwa kulegea hupungua sana watu wanapojuana na kuthaminiana, kazi inapokuwa na maana kwao, na kila mchango unapoonekana. Waliona pia kuwa upungufu ulikuwa mdogo katika jamii za mashariki ya Asia kuliko Marekani. Miaka minne kabla, Christopher Earley aliwalinganisha mameneja wa China na wa Marekani: Wamarekani walilegea wakiwa kundini, Wachina hawakulegea. Undugu, basi, unaweza kuwa mtaji. Ni suala la kuupa mahali pa kufanyia kazi pengine zaidi ya kwenye kufichana.

Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alisoma Shule ya Serikali ya Tabora kati ya mwaka 1937 na 1942, alilifikiria suala hili la kazi ya pamoja yenye maana na inayoonekana kwa upande wa mashamba ya shule. Katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi ya shamba na wayaone wazi matokeo ya kazi yao, mema na mabaya. Katika shule nyingi kilichobaki ni jembe. Upangaji ulibaki kwa mwalimu wa zamu, mavuno hayakuelezwa yalikwenda wapi, na shamba likawa adhabu ya wachelewaji.

Dawa zilizothibitika hazina gharama kubwa. Ya kwanza ni idadi. Watu wanne au watano wanatosha kwa karibu kila kazi ya muhula, na kikundi cha watu watano hakina kona ya kujificha. Ya pili ni kuigawa kazi kwa namna ambayo kila kipande kina mwenyewe na hakuna kipande kinachoweza kuachwa. Elliot Aronson alilifanya hili mwaka 1971 katika shule za Austin, jimbo la Texas, wakati watoto weusi, weupe na wenye asili ya Meksiko walipokuwa wameanza kusoma pamoja na uhasama ulikuwa mkubwa. Kila mtoto alipewa sehemu yake ya somo, ambayo hakuna mwingine kundini aliyekuwa nayo, akatakiwa kuwafundisha wenzake kabla ya mtihani wa wote. Mtoto aliyedharauliwa akawa mtu wa kusikilizwa, kwa kuwa bila yeye swali moja lingekosa jibu. Kwa kikundi cha tumbaku, binti wa Uyui angekuwa na sura yake, na sheria ya kikundi ingesema kijana wa Kiingereza anasahihisha sentensi bila kugusa hoja.

Ya tatu ni kugawa alama. Robert Slavin, aliyechunguza ufundishaji wa vikundi kwa miongo kadhaa, alisisitiza mambo mawili kwa pamoja: kikundi kiwe na lengo moja, na kila mtu awajibike kwa lake. Njia moja inayotumika vyuoni duniani ni hii. Kikundi cha watano kimepata alama 14 kati ya 20. Kila mmoja, kwa siri, anapewa pointi 100 azigawe kwa wenzake wanne kulingana na walivyofanya. Wastani wa kupokea utakuwa 100. Nusu ya alama, yaani 7, wote wanapata. Nusu nyingine inazidishwa kwa pointi alizopokea mtu, kisha inagawanywa kwa 100. Aliyepokea 120 anaongezewa 8.4, anafikisha 15.4. Aliyepokea 60 anaongezewa 4.2, anaishia 11.2. Hakuna aliyechongewa kwa jina, hakuna kikao cha kusutana, na pengo la alama nne linasikika. Siri lazima iwe siri ya kweli. Karatasi zikipitia kwa mwakilishi wa darasa, kila mtu atampa kila mtu 25 na zoezi litakuwa limekufa.

Mhadhiri mwenye wanafunzi 300 atauliza muda huo autoe wapi, na ana haki ya kuuliza. Darasa lake likigawanywa watano watano lina vikundi 60. Ripoti 60 kwa dakika 20 kila moja ni saa 20. Akiongeza dakika 10 kwa kila kikundi kusimama mbele, jina moja likichaguliwa kwa kura papo hapo na mwenye jina akaulizwa sehemu yoyote ya ripoti hata ile ambayo hakuiandika, ni saa 10 zaidi. Jumla ni 30. Kusahihisha insha 300 za mtu mmoja mmoja, dakika 15 kila moja, ni saa 75. Saa 10 za kura zinaweza kuingia katika vipindi vya semina ambavyo tayari vimo kwenye ratiba, na ambavyo mara nyingi huendeshwa na wahadhiri wasaidizi. Wakabidhiwe majina, sanduku la kura, na ruhusa ya kumwacha mwanafunzi ajibu kwa Kiswahili anapokwama.